Dokta, saa 4:50 usiku

Moshi, Jumapili usiku.

Mlima haujaonekana tangu asubuhi, na kutwa nzima nimeshinda mezani na fomu za shajara za muda, za utafiti wangu. Mshiriki anaandika kila anaposhika simu kwa ajili ya kazi baada ya saa 12 jioni: nani kamtafuta, kwa lipi, na yeye alikuwa akifanya nini. Wengi wao wako ofisi za kupandisha wageni Kilimanjaro. Mgeni wa California akiulizia bei ya njia ya Machame saa 5 asubuhi ya kwao, huku kwetu ni saa 3 usiku, na anayemjibu ana mtoto mgongoni au sufuria motoni.

Kabla ya kuzigawa, nilimwomba msaidizi wangu azijaribu yeye kwanza kwa wiki moja. Leo ndiyo nimeisoma yake. Jumanne, saa 4:50 usiku: "Dokta. Jedwali la pili. Namlaza mtoto." Alhamisi, saa 5:15: "Dokta. Sauti za mahojiano. Nilishalala." Ijumaa, Dokta. Jumamosi, Dokta.

Dokta huyo ni mimi. Nilitoka nikasimama barazani muda mrefu.

Jambo hili la kazi kumfuata mtu hadi nyumbani nalifuatilia tangu Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona na mihadhara ikahamia kwenye simu. Kabla ya hapo nilikuwa natafiti ajira za mashamba ya kahawa. Nadharia niliyoishika ilitoka Marekani, ya mwaka 2000: kazi na nyumbani ni kama nchi mbili, na mtu anavuka mpaka kila siku. Nilimsimulia Mama kule Kibosho tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Akaniuliza, "Sasa kwangu huo mpaka upite wapi?" Kahawa iko dirishani, migomba inaanzia mlangoni, zizi liko nyuma ya jiko. Swali lile limenifaa kuliko makala nyingi nilizosoma. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hakijawahi kutenganisha kazi na nyumba, na hakuna aliyekiona kina kasoro. Ila giza likiingia, Mama mwenyewe ndiye anayesema basi. Hakuna wa kumwita saa 5 usiku, labda ng'ombe awe anazaa. Msaidizi wangu hana hilo neno "basi". Ninalo mimi.

Na sheria naijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku ya kazi na inayofuata. Na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inalipiwa nyongeza ya asilimia 5. Nafundisha vifungu hivi kila mwaka. Nimewahoji wenye ofisi za utalii kuvihusu, tena kwa ukali. Lakini ujumbe wangu mimi, wa mstari mmoja, sikuwahi kuuhesabu kuwa kazi.

Nimeandika ujumbe wa kumwomba radhi, kisha nikatazama saa: saa 4 kasoro robo usiku. Nimeufuta. Kesho saa 2 asubuhi nitamwambia uso kwa uso. Na akiridhia, fomu yake itaingia kwenye utafiti pamoja na nyingine, na huyo Dokta aliyemo nitamwandika kwenye safu ya waajiri.