Kifauongo

Kwa miaka sita tulikaa Morogoro tukiutazama mlima kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Wingu likitanda Uluguru, nakimbilia kuanua nguo. Likiondoka, nazirudisha kambani. Kupanda? Mlima ulikuwa wa kutuletea mvua, na ndizi, na akina mama wa Kiluguru waliopita mlangoni asubuhi na mafenesi kichwani. Hatukuwa na shida nyingine nao.

Mpaka mfanyakazi mwenzangu alipobandika picha yake Facebook, kasimama Morningside mbele ya ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, mawingu yako chini yake. Niseme ukweli, niliona wivu. Nami nikaitaka picha ile ile, tena nikiwa na wanangu wawili.

Nafasi ikapatikana Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 2014. Muungano ulikuwa unatimiza miaka 50 na redio ya jirani ilikuwa inatangaza sherehe tangu asubuhi. Aprili ni masika, na mwenye akili zake hapandi Uluguru wakati wa masika na mtoto wa miaka minne. Mume wangu alilisema hilo mara moja tu, kisha akachukua chupa ya chai akanyamaza, maana ananijua.

Huyo wa miaka minne amerithi jina la baba mkwe, kwa hiyo nyumbani ni Babu, na kwa ubishi cheo hicho anakistahili. Nilimwambia avae raba, akavaa yeboyebo. Dada yake, wa miaka minane, alivaa alichoambiwa na akabeba daftari.

Bajaji ilituacha juu kidogo ya Boma, pale ambapo kilima kinaanza kuikohoza injini. Nilikuwa nimeambiwa ni mwendo wa saa mbili hivi kwa mtu mzima, nikapiga hesabu, watoto niwaongezee saa moja. Hesabu hiyo ilidumu kama dakika kumi.

Kwanza ilikuwa kifauongo. Kilikuwa kimejaa pembeni mwa njia, yale majani madogo ya kupangika kama meno ya kitana. Babu alikigusa kwa bahati mbaya, majani yakafumba, kikonyo kikalala. Akarudi nyuma kama aliyevunja kikombe.

"Kimekufa?"

"Hakijafa," dada yake akamwambia. "Kinadanganya. Ndiyo maana kinaitwa kifauongo."

Basi. Kila kijani kilichokuwa karibu na njia ilibidi kiguswe kionekane kama nacho kinadanganya. Tulipofika kijitoni baba yao akawaeleza kwamba maji haya yanateremka hadi Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. "Hata bibi yenu wa Ubungo." Binti yangu akaandika. Babu alikuwa keshashusha kaptula kwenye ukingo wa maji, na kelele ya dada yake, "Bibi atakunywa!", nadhani ilifika mjini.

Halafu jongoo. Mweusi, mrefu kama penseli mpya na mnene kama kidole changu, anakatiza njia bila haraka. Tulichuchumaa wote, hata mimi niliyekuwa natazama saa. Sikuwahi kumwangalia jongoo hivyo. Miguu yake haiendi yote kwa pamoja, inakwenda kwa mawimbi, mkunjo unaanzia nyuma unakuja mbele, kama upepo unapopita juu ya shamba la mpunga. Babu akamgusa kwa kijiti. Jongoo akajiviringisha, akawa kama kifungo cha koti.

"Naye kafa uongo!"

"Haya, twende."

"Tumsubiri afufuke."

"Babu, tutachelewa."

"Tunachelewa wapi?"

Baba yao alikohoa, akageukia migomba. Tulimsubiri jongoo. Sijui ilichukua muda gani, ila chai ilinywewa, mayai yakaliwa, na yule bwana alipoanza kujikunjua polepole, kichwa kwanza, wanangu walipiga makofi.

Ikabidi nifidie muda. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimshika Babu mkono nikamkokota, macho yangu yako juu kwenye ukingo wa msitu, na nilipogeuka kupiga picha ya mji chini nilimwacha asimame. Nilimsimamisha juu ya siafu.

Kwa sekunde chache hakusema kitu. Kisha akatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Yeboyebo zina matundu, na siafu wanapenda matundu. Walikuwa wameshapita magotini wanaingia kwenye kaptula. Nikamvua kila kitu pale pale njiani, mikono inatetemeka, nikawang'oa mmoja mmoja. Siafu ukimvuta, mwili unakuja, kichwa kinabaki kimeng'ata.

Akina mama watatu walikuwa wanateremka na mikungu ya ndizi. Waliitua bila kuulizana. Mkubwa wao, bibi mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni, akamgeuza mwanangu kama samaki na kuanza kutoa vichwa kwa kucha, haraka kuliko mimi.

"Pole, mume wangu. Unaitwa nani?"

"Babu," akajibu kwa kwikwi.

"Basi kumbe ni mume wangu kweli!"

Wenzake wakacheka, na Babu, uchi wa mnyama, akacheka kidogo na yeye. Bibi akaniuliza tunapeleka wapi watoto. Nikamwambia tunatembea tu.

"Mnatembea tu," akarudia, akawatazama wenzake. Akautazama mlima, ambao pale juu ya vichwa vyetu ulikuwa umeshajifunika. "Rudini, mama. Inakuja hiyo."

Nikamsaidia kujitwisha mkungu. Ulikuwa mzito kuliko Babu.

Tuliteremka nyuma yao, na bado tuliachwa. Mvua ilitukuta njiani. Udongo mwekundu ukawa sabuni, nikaanguka mara mbili, binti yangu mara moja, akiwa ameficha daftari ndani ya fulana. Babu alitembea kama hatua ishirini hivi, kisha akajilaza katikati ya njia, kafumba macho, mikono kifuani.

"Huyu vipi?" baba yake akauliza.

"Kafa uongo," dada yake akasema bila kugeuka.

Akabebwa mgongoni mpaka Boma. Kwenye bajaji alilala kwenye mapaja yangu, miguu yake imejaa vidoti vyekundu, ngumi imefumba kitu. Nikaifungua: kijani cha kifauongo, kimenyauka.

Nyumbani nilimnyanyua kumpeleka kitandani. Uzito ulikuwa wa usingizi, shingo imelegea vizuri, lakini kope zilikuwa zinachezacheza. Baba yake alikuwa mlangoni ananitazama. Nikamgusa Babu unyayoni kwa ncha ya kidole.

Vidole vya mguu vikajikunja.