Tulivyoifuata Duesenberg hadi Auburn

Duesenberg ni gari la kifahari la Marekani la zamani, na kuliona tulikwenda Auburn, jimbo la Indiana. Ukitoka Indianapolis kwenda huko unaishika barabara ya I-69 kuelekea kaskazini mashariki, na kwa zaidi ya saa mbili huoni kingine ila mahindi na soya. Ilikuwa wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, wakati mji huo unapofanya tamasha lake la magari ya zamani. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ameendesha malori kati ya Tanga na Moshi tangu ujana wake, na mimi ufundi wa magari nimeuanzia mikononi mwake. Nilipomtajia safari hii hakutaka kusikia habari ya kitu kingine.

Fort Wayne tuliipita bila kusimama. Auburn ni mji mdogo tu, lakini una jumba la makumbusho ambalo kila fundi angepaswa kuliona. Limo ndani ya jengo lilelile ambalo kampuni ya magari ya Auburn ililijenga mwaka 1930 liwe makao makuu na ukumbi wa kuuzia magari. Sakafu ni ya terazo yenye michoro, madirisha ni makubwa, ngazi ni pana. Walilifungua wakati uchumi wa Marekani umeshaporomoka na wanunuzi wanapungua kila mwezi.

Aliyekuwa akiendesha mambo hapo ni Errett Lobban Cord, mfanyabiashara aliyeichukua kampuni ya Auburn mwaka 1924. Miaka miwili baadaye akainunua kampuni ya Fred na August Duesenberg, ndugu wawili waliozaliwa Ujerumani na kukulia Iowa. Magari yao ya mbio yalikuwa yameshinda mashindano makubwa ya Ufaransa mwaka 1921, na Indianapolis 500 mara tatu kabla ya mwaka 1928. Cord alimtaka Fred amtengenezee gari lisilo na mpinzani, na Desemba 1928 likaonyeshwa New York kwa jina la Model J. Injini ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, lita 6.9, juu yake kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu), valvu 32. Kiwanda kilitangaza nguvu farasi 265, kiasi ambacho hakuna gari jingine la Marekani lililokikaribia.

"Basi lilitengenezwa hapa?" Mjomba akauliza.

Nikamwambia hapana, lilitengenezwa kwetu Indianapolis, Mtaa wa West Washington, ninapopita karibu kila wiki. Akatikisa kichwa. "Mpwa wangu, unakaa mlangoni kwa watu hawa na hukuwahi kuniambia."

Mle ukumbini magari yanang'aa kila upande, lakini hayo yamesimama. Tulichokifuata kilikuwa mjini, kuuzunguka uwanja wa mahakama ya kaunti, ambako Jumamosi wenye magari huyaleta wakiyaendesha wenyewe, wakayapanga kando ya barabara na kufungua boneti kwa anayetaka kutazama.

Tuliyoichagua ilikuwa Model J ya wazi, bodi yake imejengwa na Murphy, wajenzi wa bodi wa Pasadena, California. Viti viwili mbele, na nyuma kifuniko kinachoinuliwa kikawa kiti cha abiria wawili zaidi. Turubai likishakunjwa hulioni tena, linalala chini ya kifuniko cha bati kilichoshikana na mwili wa gari. Hapo ndipo Murphy walipowapita wengi: nguzo za kioo cha mbele nyembamba, mstari wa mlango umenyooka hadi nyuma, hakuna mzigo wa turubai unaoning'inia.

Kwa kawaida kiwanda cha Duesenberg hakikuuza gari zima. Kiliuza chesisi, injini na boneti kwa dola 8,500, wakati Ford mpya nzima ilikuwa kama dola 500. Mteja aliipeleka chesisi kwa mafundi wa bodi aliowataka, kama Scania inavyotoka kwa wakala ikiwa mifupa mitupu na kupelekwa kwa wajenzi wa mabasi. Mjomba alilielewa hilo kabla sijamaliza kueleza. Akapiga magoti kwenye lami, akachungulia chini ya mlango.

Mwenye gari, mzee wa Kimarekani, alipoona magoti ya mwenzake yako chini alitabasamu na kumpa mkono. Akatuinulia boneti. Injini yote imepakwa rangi ya kijani kama tofaa bichi, ndivyo ilivyotoka kiwandani, na pembeni alumini na nikeli vinameta. Nikamuuliza kuhusu zebaki. Krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiwa ndefu ya silinda nane hujipinda na kutetemeka, kwa hiyo Fred aliifungia vikopo vyenye zebaki ndani, zebaki ikisukasuka inameza mtetemo. Mzee alifurahi kuulizwa. Kwenye dashibodi akatuonyesha taa mbili ninazozipenda kuliko spidomita yenyewe: moja huwaka kila maili 700 ili dereva abadilishe oili, ya pili kila maili 1,400 ili atazame maji ya betri. Hakuna kompyuta hapo. Ni gia ndogondogo zinazohesabu maili.

Kisha akatoa albamu ya picha za ukarabati. Alilipata gari bodi ikiwa imelegea, milango haifungi. Chini ya bati kuna fremu ya mbao, na mbao ilikuwa imeoza. Picha moja inaonyesha mlango uliovuliwa bati lote, mbao mpya imechongwa kufuata vipande vya zamani vilivyolazwa kando kama kielelezo. Mjomba aliishika picha hiyo muda mrefu. Mabasi aliyoyajua utotoni yalikuwa na mbao vilevile.

Wapo wanaong'arisha magari haya kupita yalivyokuwa siku ya kwanza, kromu juu ya kila skrubu. Siafikiani nao. Huyu mzee ngozi ya viti ameiacha ile ya zamani, imepasuka pasuka lakini nzima, kwa sababu bado inakalika. Kilichooza amekibadilisha, kilichochoka tu amekitunza. Huo ndio ukarabati ninaouheshimu.

Ulipofika wakati wa maandamano ya magari akawasha. Silinda zote nane zilishika mara moja, mngurumo mzito usio na kelele za chuma kugonga chuma, na gari la zaidi ya tani mbili likateleza kutoka kwenye mstari. Magari kama 480 tu ya aina hii yalijengwa kabla kampuni haijafa mwaka 1937, na sehemu kubwa bado ipo.

Njiani kurudi Mjomba alikuwa anachagua picha za kumtumia rafiki yake fundi bodi wa Tanga. Za nje alizipita zote. Alituma ile ya mlango wa mbao, aliyoipiga kutoka kwenye albamu. Asubuhi jibu lilikuwa limefika: viungo vya mbao vimeshikwa kwa gundi au kwa skrubu? Mjomba akanigeukia. Nikamwambia vyote viwili, akaanza kuandika.