Umdhaniaye Ndiye

Mwaka 2008 nilikuwa ninaishi Greensboro, katika jimbo la North Carolina, na kazi yangu ilikuwa kumtunza nyumbani kwake bibi mmoja wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 86. Nilimwogesha, nikampima presha, nikampangia vidonge vyake katika kile kisanduku chenye vyumba saba vya siku za juma, na muda uliobaki tuliketi sote wawili mbele ya televisheni. Nilimwita Miss pamoja na jina lake la kwanza, kama watu wa Kusini wanavyowaheshimu wazee wao. Yeye aliniita mwanangu. Alikuwa Mbaptisti wa kusali kila Jumapili, na alikuwa amekipigia kura chama cha Republican tangu enzi za Reagan.

Tangazo la kwanza tuliliona mapema mwezi Agosti. Kambi ya John McCain, mgombea urais wa Republican aliyeshindana na Barack Obama wa Democratic, ilikuwa imeliweka kwenye intaneti tarehe 1, lakini vituo vya habari vililirudia bure usiku na mchana, hivyo hata bibi asiyegusa kompyuta lilimfikia. Liliitwa "The One", na kwa Kiswahili sioni tafsiri bora kuliko neno moja tu: "Ndiye". Sauti nzito kama ya msoma unabii ilitangaza kwamba mwaka ule ulimwengu ungebarikiwa. Mwanga ulishuka kutoka mbinguni, na Barack Obama akaonekana akitamka maneno yake mwenyewe yaliyonyofolewa kutoka kwenye hotuba mbalimbali, likiwamo lile alilowatania wapiga kura wa New Hampshire kwamba mwanga utawashukia na ghafla watatambua kuwa wanapaswa kumchagua yeye. Kisha akatokea Charlton Heston, akiwa Musa katika filamu ya mwaka 1956, akanyosha mikono, bahari ikagawanyika, na katikati ya maji ikainuka nembo ya kampeni ya Obama iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya urais. Mwisho likauliza kama mtu huyo alikuwa tayari kuongoza.

Mimi nilicheka. Niliona ni kejeli ya kumdhihaki kijana anayejiona, tena kejeli iliyotengenezwa kwa ustadi. Bibi hakucheka. Alizima sauti kwa rimoti, akanituma kwenye rafu iliyokuwa karibu na kitanda chake nimletee kitabu chochote katika safu ya vitabu vinene vilivyokunjamana migongo. Vilikuwa riwaya za Left Behind, za Tim LaHaye na Jerry Jenkins, zinazosimulia siku za mwisho, na ambazo zilikuwa zimesomwa na mamilioni ya Wamarekani tangu mwaka 1995. Ndani yake, Mpinga-Kristo hana pembe wala mkia. Ni mwanasiasa kijana, mtanashati, msemaji hodari, anayetokea ghafla na kushangiliwa na mataifa yote kwa kuwaahidi amani. Bibi alikiweka kitabu mapajani, jalada likitazama juu, akanielekeza kwa kidole mwanga uliokuwa jaladani, kisha akanyosha kidole kilekile kuelekea kwenye televisheni iliyokuwa kimya.

"Unaona, mwanangu?" aliniuliza.

Kusema kweli, sikuwa nimeona, kwa kuwa sikuwa msomaji wa vitabu vile. Siku zilizofuata jambo hilo lilijadiliwa hadharani, wengine wakidai kwamba mwanga, ngazi na hata maumbo ya herufi vilichaguliwa ili wasomaji wa riwaya zile wasikie neno ambalo halikutamkwa, na kambi ya McCain ikajibu kwamba ule ulikuwa mzaha tu. Inawezekana kweli ulikuwa mzaha. Lakini mimi nililelewa Muheza, na mchezo huo niliujua kabla sijajua kusoma. Marehemu mama yangu aliwahi kukosana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la michungwa, na hakumtupia hata neno moja. Alichofanya ni kununua doti ya kanga iliyoandikwa "Umdhaniaye ndiye siye", akaivaa kwenye harusi ambako alijua jirani angekuwapo, na tangu siku hiyo akawa anaianika upande wa uzio unaotazama kwa jirani. Jirani alipokwenda kushtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi, mama aliitwa, akaenda huku ameivaa, akasema: "Mimi nimevaa nguo tu." Mjumbe hakuwa na la kuamua. Fumbo zuri lina mlango wa nyuma, nalo humwacha mlengwa akiwa ndiye pekee aliyetamka tusi.

Kwa hiyo niliporudi kwa wenzangu wa ibada ya Kiswahili, tuliokuwa tukikutana kila Jumamosi jioni katika ukumbi wa kanisa, niliwaeleza habari ya tangazo lile kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyeling'amua. Tulikuwa Watanzania wachache, Wakongomani, na dada mmoja kutoka Nakuru ambaye peke yake kati yetu alikuwa raia wa Marekani, hivyo peke yake alikuwa na kura. Wote waliniita Mwalimu, kwa sababu nilikuwa nimefundisha shule ya msingi nyumbani na kwa sababu mimi ndiye niliyesoma maandiko. Yule dada alinisikiliza kwa makini kuliko wote. Mwanzoni mwa mwaka uleule, ndugu zake walikuwa wamekimbia nyumba zao katika Bonde la Ufa, na alijua jinsi neno kama "madoadoa", ambalo kwa mgeni ni rangi za ng'ombe au za kitambaa, lilivyoweza kumaanisha watu wanaopaswa kuondolewa.

Tangazo la pili lilikuja katika juma la mwisho la Oktoba. Hili halikuhusu urais. Seneta Elizabeth Dole wa Republican alikuwa akitetea kiti chake dhidi ya Kay Hagan wa Democratic, mwanamke wa hapohapo Greensboro, na tangazo lake lilieleza kwamba Hagan alikuwa amechangiwa fedha katika hafla iliyofanyika nyumbani kwa mshauri wa kundi la siasa la watu wasioamini Mungu. Wasemaji wa kundi hilo walioneshwa wakisema yao. Sekunde za mwisho picha ya Hagan ilijaa kwenye kioo, na sauti ya mwanamke ikasema kwamba Mungu hayupo.

Nililiona Alhamisi usiku, tarehe 30, nikiwa nakunja nguo nyumbani kwangu, jicho moja kwenye televisheni na jingine kwenye soksi. Ijumaa yule dada alinipigia simu akiwa kazini. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga kura ya mapema, na hakuwa na nafasi nyingine, kwa kuwa Jumanne alikuwa na zamu ndefu. Aliniuliza: "Mwalimu, ni kweli huyu mama alisema hakuna Mungu?"

Nilimjibu: "Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa bibi. Tangazo likapita tena, nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikitaraji kwamba safari hii tungekuwa upande mmoja. Bibi alikuwa akimenya yai. Aliuliza, bila kuniangalia, kama ninajua kwamba mwanamke yule alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri pale mjini, na kwamba alikuwa amefundisha Shule ya Jumapili. Nilimwambia kwamba huenda, lakini maneno ametamka mwenyewe. Ndipo akaliweka yai chini, akajifuta vidole kwa taratibu, akasema: "Mwanangu, tazama mdomo."

Ilitubidi kusubiri karibu dakika 40 mpaka lirudiwe. Nilikisogeza kiti. Picha ya Hagan ilikuwa picha mnato, na midomo haikusogea hata kidogo. Sauti haikuwa yake. Tangazo halikusema popote kwamba ilikuwa yake. Lilikuwa limeziweka tu sauti na sura jirani, kanga na uzio, na kazi iliyobaki nilikuwa nimeifanya mimi. Hagan mwenyewe alikuwa ameshafungua kesi mahakamani na kutoa tangazo la kujibu, akieleza kwamba anamwamini Mungu, ila mimi sikuwa nimekutana nalo. Hadi leo huwa najiuliza ilikuwaje bibi, aliyeona Mpinga-Kristo katika mawingu ya Agosti, ndiye aliyeona mdomo uliofumba mwezi Oktoba. Nadhani ni kwa sababu Hagan alikuwa mtu wa mji wake, na Obama hakuwa.

Nilimpigia simu yule dada mara tatu bila kupokelewa. Jioni nikamkuta ukumbini, akipanga viti, na kifuani amebandika ile stika ndogo wanayopewa waliokwisha kupiga kura. Nilimvuta pembeni, nikamweleza habari ya picha na sauti. Nilisema haraka haraka, kama mtoto anayeungama kuvunja chungu. Kura za Jumanne zilimpa Hagan ushindi wa wazi, na Obama akalichukua jimbo hilo kwa tofauti ya kura kama 14,000 hivi, lakini jioni ile hakuna aliyejua hayo. Aliniuliza kama nina hakika sasa. Nikasema ninayo.

"Mimi pale kwa maseneta nimemchagua yule mwingine," alisema, akaendelea kukishika kiti alichokuwa amekibeba. "Wewe ulisema umemsikia."