Kumbukumbu ya mradi: senti zilizopanda juu na bunduki ya dola 19.95

Nakusanya bei za bunduki kutoka katalogi za zamani za Marekani, vile vitabu vya kuagizia bidhaa kwa posta, ili nizilinganishe na bei za leo. Kompyuta ndiyo inayosoma kurasa zilizoskaniwa. Na sasa imekubali! Baada ya wiki tatu za kung'ang'ana na ukurasa mmoja, jana saa nne usiku programu imesoma 19.95 kama 19.95, siyo 1995, kisha ikarudia vivyo hivyo kwenye kurasa kumi nilizoipa kama mtihani. Nilimwita mke wangu aje aone. Akavuta kiti, akachukua kioo cha kukuzia, akanisomea bei moja moja kutoka kwenye karatasi huku mimi nikizilinganisha na skrini. Hamsini na mbili, zote sawa.

Waliowahi kuskani katalogi za zamani za Marekani wanaujua ugonjwa huu. Kwenye vichwa vya matangazo mchapaji alipanga dola kwa herufi nene, halafu senti akaziweka ndogo, zimepanda juu, mara nyingi na kistari chini yake. Nukta hakuna. Mkulima aliyekuwa akifungua katalogi ya Sears, Roebuck, kampuni ya kuuza kwa posta, jikoni kwake hakuihitaji, jicho lake lilitosha. Kompyuta inaona tarakimu nne zilizofuatana, basi inaandika elfu moja mia tisa tisini na tano.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi: tarakimu nne zikifuatana, weka nukta katikati. Nilidhani nimemaliza. Siku mbili baadaye nikaona kwenye jedwali bunduki za Winchester zenye bei ya dola 18.73, nyingine 18.94. Zilionekana bei nzuri kabisa, za kuaminika, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, maana hazikuwa bei. Zilikuwa majina ya modeli, 1873 na 1894, zikiwa zimevalishwa nukta. Kosa la dola elfu mbili unaliona ukiwa umbali wa mita tatu. Kosa la dola 18.94 linaingia kwenye wastani kimya kimya na kukaa humo. Ilinibidi nifute mistari mia mbili na kitu na kuanza upya, na nakiri kwamba usiku ule niliifunga kompyuta kwa hasira.

Kilichoniokoa ni kimo cha tarakimu. Tesseract, programu ninayotumia kusoma maandishi kwenye picha, ukiiomba inakupa mstatili wa kila herufi, yaani herufi inaanzia wapi na kuishia wapi kwa pikseli. Basi nachukua kimo cha tarakimu ya kwanza baada ya alama ya dola. Tarakimu yoyote iliyo chini ya theluthi mbili ya kimo hicho, na ambayo kitako chake kimenyanyuka juu ya mstari, ni senti. Zikiwa zote na kimo kimoja, kama 1873, hiyo si bei, iache. Kilichobaki kunisumbua ni kile kistari chini ya senti: kwenye kurasa ambazo wino umevuja, kinagandana na tarakimu na kuzifanya zionekane ndefu. Sasa nafuta kwanza mistari yote myembamba ya mlalo kabla programu haijasoma lolote. Na nimeskani upya kwa nukta 600 kwa inchi. Kwa 300, senti zinakuwa ukungu mtupu. Kamera ya simu sishauri kabisa, ukurasa unajipinda karibu na mshono wa kitabu na vimo vyote vinaharibika.

Kuhusu programu ya jedwali, nimehamia LibreOffice, na huko Excel sirudi kwa kazi hii. Namba ya bidhaa yenye kistari katikati iligeuzwa tarehe bila kuniuliza. LibreOffice nayo ina tabia zake, lakini wakati wa kufungua faili inakuuliza kila safu ni ya aina gani, ukisema maandishi inabaki maandishi.

Ule ukurasa mmoja wa 19.95 niliuchagua kwa sababu jibu lake linajulikana. Ni tangazo la Klein's, duka la Chicago, la Februari 1963: bunduki ya kijeshi ya Italia kwa dola 12.78, au 19.95 ikiwa na darubini. Hii ndiyo aina aliyoiagiza Lee Harvey Oswald, anayetajwa kumuua Rais Kennedy huko Dallas, mwezi Machi kwa jina la uongo, na kwa sababu ya msiba wa Dallas kila karatasi ya manunuzi yale ilihifadhiwa na kuchapishwa na tume ya uchunguzi mwaka 1964. Bunduki 19.95, usafirishaji 1.50, hundi ya posta 21.45. Ni nadra sana kupata mnunuzi wa katalogi ambaye stakabadhi yake ipo kamili namna hii.

Sasa 21.45 ile ni kiasi gani leo? Ukitumia fahirisi ya bei za walaji, yaani namba rasmi inayopima kupanda kwa bei za bidhaa, 30.6 kwa mwaka 1963 na 313.7 kwa 2024, unapata dola 220 hivi. Ukitumia saa za kazi, kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu Machi 1963 kilikuwa dola 1.15 kwa saa, kwa hiyo ni karibu saa 19 za jasho. Kima cha leo ni 7.25, saa zile zile zinaleta dola 135. Ukitumia dhahabu, wakia ilikuwa dola 35. Ukiweka wakia kwa dola 2,400, karibu na wastani wa 2024, unafika kama dola 1,470. Dola 135, 220, au 1,470 kwa bunduki moja. Ndiyo maana nikisoma mtu ameandika kwamba bunduki za zamani zilikuwa za bure, swali langu la kwanza ni amepima kwa nini. Mimi nimeamua safu ya saa za kazi ikae ya kwanza, kwa sababu aliyejaza fomu ile alilipa kwa mshahara. Dhahabu nimeiondoa kwenye jedwali kuu.

Tangazo lilisema bunduki ni ya inchi 36 na uzito wa ratili 5½. Iliyofika Dallas ilikuwa ya inchi 40. Hili limenikera kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mradi wote umesimama juu ya dhana kwamba kilichochorwa ndicho kilichotumwa. Nimeongeza safu ya maelezo kwa ajili ya vitu vya namna hii.

Nauli pia si jambo dogo. Huduma ya posta ya vifurushi Marekani ilianza tarehe 1 Januari 1913. Kabla ya hapo mzigo mzito ulipanda reli au kampuni za usafirishaji, na bei ya katalogi haikuwa na nauli ndani yake. Kuanzia 1927 bastola hazikuruhusiwa kutumwa kwa posta kwenda kwa mtu binafsi, ikabidi zipitie kampuni binafsi. Sheria ya 1968 ikafunga mlango kabisa kwa mtu binafsi kuagiza bunduki kutoka jimbo lingine. Kwa hiyo bei ya leo ninayolinganisha nayo ni ya dukani, na ndani yake kuna ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na 10 kwa bastola anaoutoa mtengenezaji.

Kwa mbali sana, namba inayonishangaza ni 200. Bunduki ya Thompson, ile ya kumimina risasi, ilipoingia sokoni 1921 bei yake ilikuwa dola 200, ambazo ni karibu 3,500 za 2024. Mwaka 1934 serikali ikaweka kodi ya dola 200 kwa kila bunduki ya aina hiyo inapohama mkono. Wakati ule kodi hiyo ilikuwa sawa na dola 4,700 hivi za sasa. Haijawahi kupandishwa. Mfumuko wa bei umeila mpaka ikawa kitu kidogo kando ya bei yenyewe, ambayo siku hizi ni makumi ya maelfu, kwa sababu tangu Mei 1986 raia hawezi kusajili mpya.

Nilipanga hatua inayofuata iwe katalogi ya 1895 ya Montgomery Ward, kampuni nyingine ya kuuza kwa posta. Nimeisimamisha, kwa sababu mbili. Ya kwanza, fahirisi rasmi inaanzia 1913. Nyuma ya hapo kuna makadirio ya wanahistoria, na yale ninayotumia yamekaa kwenye namba moja tu, 25, kuanzia 1895 hadi 1901 (kwa kipimo ambacho mwaka 1967 ni 100, siyo kile cha 30.6 na 313.7). Bei hazitulii hivyo miaka saba. Bastola ya Iver Johnson ambayo Leon Czolgosz aliinunua Buffalo mwaka 1901, siku chache kabla ya kumpiga risasi Rais McKinley, ilimgharimu dola 4.50. Makadirio hayo yananipa dola 169 za 2024, nami siwezi kuitetea ile 9 ya mwisho.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwa sheria ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, inauzwa bila masharti ya duka. Ya 1899 ni bunduki ya kawaida. Mtutu ule ule, kiwanda kile kile, pengine fundi yule yule, lakini ya 1898 wakusanyaji huilipia zaidi kwa sababu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, inayoonyesha mwaka wake. Katalogi ya 1897 ninayo, ya 1902 ninayo. Tofauti ya bei kati ya katalogi hizo mbili naweza kuipima, na tofauti ya leo kati ya bunduki za pande mbili za mstari ule naweza kuipima pia. Nimeshafungua jedwali jipya. Ukurasa wa bunduki za Colt wa 1902 umeskaniwa, vistari vimefutwa, na senti zake zimesomeka zote isipokuwa moja iliyofunikwa na mkunjo wa karatasi. Hiyo nitaiangalia kesho mchana, karibu na dirisha.