Boga, chokaa na sukari guru: siku yangu ya tarehe 31 Oktoba, Puebla, Mexico

Saa kumi na mbili asubuhi. Puebla iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na msimu huu maji ya bomba yanauma vidole. Kesho na keshokutwa ni Siku ya Wafu, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu. Kwangu mimi ninayepika vitamu nyumbani na kuwauzia majirani, hakuna siku yenye kazi kuliko leo. Ninapika calabaza en tacha, boga lililoiva ndani ya shira ya sukari guru.

Saa moja. Boga la hapa lina ngozi ngumu, kwa hiyo mama mkwe ananishikia panga nami nagonga juu yake kwa nyundo ya mbao. Tunakata vipande vinavyojaa kiganja, na ngozi haimenywi. Mbegu zinakwenda kwenye sinia kuanikwa. Mexico hawatupi mbegu: katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, zilipatikana mbegu za maboga ya kulimwa za miaka kama 10,000 iliyopita, na inaaminika watu wa kale walianza kuyalima kwa ajili ya hizo mbegu.

Saa mbili. Chokaa, ileile ya kuchemshia mahindi ya tortilla, chapati za mahindi za huku. Nakoroga vijiko viwili katika lita nne za maji, naacha ituame, kisha nachukua maji ya juu na kuloweka vipande. Kalisiamu yake hushikana na pektini, gundi ya asili iliyomo ndani ya boga, nyama ikakaza. Wengi siku hizi wanairuka hatua hii. Mimi siiruki, kwa sababu boga lililolowekwa huiva likiwa laini ndani na umbo lake limesimama. Lisilolowekwa husambaratika ukiligusa na mwiko.

Saa tatu. Tanga ni saa kumi na mbili jioni, nampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Boga unapika bila tui?”

“Bila tui, mama. Huku wanalila na maziwa baridi.”

“Haya. Karafuu usisahau.”

Saa nne nakwenda sokoni. Nanunua mapera, vipande vya miwa, tejocote (vitunda vya manjano vyenye uchachu) na mafungu ya cempasúchil, maua ya rangi ya chungwa ambayo harufu yake huwaonyesha marehemu njia ya nyumbani.

Saa sita nasuuza boga, narudia, narudia tena, mpaka maji yawe safi kabisa.

Saa saba. Chunguni natandika miwa, ili boga lisishike chini. Kwa kilo nne za boga natia kilo moja ya sukari guru, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu tano, maganda ya chungwa na vikombe viwili tu vya maji. Ndipo napanga boga, ngozi chini. Ukiona maji ni machache, usiongeze. Boga lina maji yake, litayatoa lenyewe. Moto mdogo, kifuniko juu.

Saa tisa nafunua. Sukari imeyeyuka yote, shira inachemka taratibu na kuwa nyeusi. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo upishi unachukua muda, na kuzidisha moto kutaunguza tu sukari. Nateka shira kwa upawa, namwagia vipande vya juu. Mapera na tejocote vinaingia sasa, mwishoni, visije vikapondeka.

Saa kumi na moja. Shira inadondoka kwenye upawa kwa uzi mzito. Nazima moto. Wateja wanaanza kuja na bakuli zao.

Saa moja usiku mama mkwe anaweka sahani ya kwanza kwenye meza ya marehemu, kando ya mishumaa na glasi ya maji. Usiku huu wanapokewa marehemu watoto, wakubwa watafuata. Anasema marehemu hula harufu, kwa hiyo boga liwekwe likiwa la moto. Sisi tutakula letu kesho asubuhi, shira ikishaingia mpaka kwenye ngozi.