Siku Waliyohesabu Iliki za Bibi

Mashina 317. Nilikuwa nimeshika ncha ya kamba pale kijana wa daftari alipoitamka hesabu ile, na bibi akamwambia, "Rudia, baba, sikusikia." Alikuwa amesikia. Alitaka tu isemwe tena mbele yetu sote.

Hiyo ilikuwa Derema, juu ya Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi nilikuwa darasa la sita. Shamba la bibi lilikuwa ndani ya msitu hasa: juu misambu mirefu imeziba anga, chini iliki. Mwenye kujua iliki anajua haichumwi umesimama. Matunda yake hutoka kwenye vikonyo vinavyotambaa chini, shinani, kwa hiyo unakwenda umeinama asubuhi mpaka jioni, vidole vinanukia mpaka kesho yake. Ada yangu ya shule ilitoka hapo.

Walikuja wanne kuhesabu mimea ili tulipwe fidia, kwa kuwa shamba lilikuwa linachukuliwa liwe msitu wa hifadhi. Walisalimia vizuri, "Shikamoo bibi," wakapita shina kwa shina, lenye kuzaa mbali na changa mbali, kila moja na bei yake. Bibi alikuwa nyuma yao na upanga wake begani. Walipolipita shina moja lililofichwa na majani makavu aliwaita warudi.

Walipoketi kunywa chai, bibi akauliza kwa nini lichukuliwe shamba lake. Mkubwa wao akaeleza, na nakiri hakuficha kitu. Msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, uko kusini. Misitu mingine iko kaskazini, na Derema ndiyo daraja. Ndege wengi wanaoishi chini ya miti mikubwa hawathubutu kuvuka uwanda. Wanaweza kuruka, lakini shamba jeupe la mita chache kwao ni kama bahari. Na sisi wakulima wa iliki tunafyeka vichaka vya chini, miti ikizeeka hakuna mche wa kushika nafasi yake, halafu ardhi ikichoka tunapanda miwa na migomba. Ushoroba, yaani daraja hilo la msitu, ukikatika, kila ndege anabaki kwenye kipande chake.

Akamtaja mmoja, mdogo, wa kijivu, mdomo mrefu mwembamba, ambaye duniani kote anajulikana Usambara Mashariki na sehemu moja kaskazini mwa Msumbiji, basi.

"Analiaje?" bibi akauliza.

Yule bwana akaweka kikombe chini, akapiga mluzi wa juu, mkali, unaorudiwa rudiwa.

Bibi akageuka kuangalia ukingo wa shamba, pale mti ulipoanguka mwaka wa mvua kubwa na kamba za mwitu zikajisokota juu yake. Hatukuwahi kupafyeka. "Huyo? Huyo yuko pale," akasema. "Namsikia tangu nimeolewa."

Wote wanne waliinuka. Hawakumwona, walisubiri karibu saa nzima, na mimi pia sikumwona. Lakini alilia mara mbili, na yule wa daftari akaandika kitu ambacho hakikuhusu iliki.

Fidia ilichelewa. Sehemu ya kwanza ilikuja, iliyobaki ikazungushwa kwa miaka, na huku tumekatazwa kuchuma. Nasema hili kwa uchungu ingawa naamini kabisa ushoroba ule ulistahili kuwepo: deni la msitu hawakupaswa kulibeba bibi zetu peke yao. Nilikosa shule muhula mzima.

Mwaka jana nilipanda tena mlima kwenda Derema. Vichaka vimerudi, huwezi kuona hatua kumi mbele. Iliki chache bado zipo, zimejiotea kivulini, hakuna anayezichuma. Niliinama nikavunja tunda moja, na nikiwa bado nimeinama nikausikia ule mluzi, upande wa juu kidogo, mbali na pale pa zamani.

Sikuinuka haraka.