Log4j msimu wa wageni

Habari ya Log4j ilinifikia Ijumaa, Desemba 10, 2021, natoka msikitini Malindi ya Unguja. Mwenzangu wa Dar alinipigia kuuliza jambo moja tu: mfumo wa buking wa hoteli yenu umeandikwa kwa lugha ya Java? Nikamwambia ndiyo. "Basi usende nyumbani."

Log4j ni kipande cha programu kinachoandika yanayopita kwenye seva. Kasoro ilikuwa kwamba ukikiletea maandishi fulani, yenye alama ya dola na neno jndi, hakiyaandiki tu, kinayatii: kinakwenda kwenye seva ya mtu usiyemjua, kinachukua msimbo na kuuendesha. Hata pale mgeni anapoulizwa jina lake kwenye fomu ya chumba, mtu angeweza kuyachapa hayo. Hatari ikapewa alama 10 kwa 10, na sikuona kama wametia chumvi.

Hoteli ilikuwa Nungwi, na Nungwi mwezi huo chumba kitupu hukioni. Bi mkubwa aliyeisimamia akanitolea macho. "Mwanangu, uzime mfumo leo? Wageni wa jioni niwaandike kwenye mchanga?" Tukakubaliana saa nane usiku. Kwa sasa tukaizuia seva isifungue njia yoyote ya kwenda nje.

Kuweka toleo jipya, 2.15.0, ilikuwa kazi ndogo. Kazi hasa ni kukitafuta kinyamkera chenyewe, maana hukaa ndani ya faili lililo ndani ya faili jengine. Kwenye buking tulikitarajia. Kumbe kimo pia kwenye programu ya kuchapa risiti za mgahawa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuwa ni ya Java. Waliotuuzia hawakujibu barua pepe, nasi hatukuwangoja: tuliing'oa kwa mkono klasi ya JndiLookup, ile sehemu inayoyatii maandishi yale, tukawasha, risiti zikatoka.

Desemba 13 ikaja 2.16.0, kwani ya kwanza haikuziba kila tundu. Desemba 18, 2.17.0. Bi mkubwa akachoka. "Si mlinambia mshaziba? Fundi bati akirudi mara ya tatu, basi paa ndilo bovu." Nikamweleza kuwa wanaoitunza Log4j ni watu wachache wanaojitolea, na makampuni tajiri ya dunia yanaitumia bure. Hilo lilimshangaza kuliko kasoro yenyewe.

Desemba 28 ikatoka 2.17.1. Tundu la safari hii lilimhitaji mwizi awe tayari na ruhusa ya kubadili mipangilio ya seva, kwa hiyo mimi mwenyewe nikampigia Bi mkubwa: hii ingoje. Tuliiweka Januari, wageni wa mwaka mpya walipokwisha kuondoka.